Sauti ya Mheshimiwa Kinywani mwa Bi Huwaida

Huwaida alikuwa mtoto mdogo alipogundua kwamba anaweza kukohoa kama baba yake. Mama yake alikuwa jikoni. Aliposikia kikohozi ukumbini alijitanda leso yake akatoka haraka na birika la kahawa, akidhani mume amerudi kutoka shamba, akamkuta bintiye amekaa kwenye kiti cha mzee, miguu haifiki chini, uso ameukunja kama mtu anayeudhiwa na inzi. Mama alicheka hadi akakaa sakafuni. Alipopata pumzi akamwambia, "Usifanye mbele ya watu wa nje, mwanangu. Haya ni ya ndani."

Na ya ndani yalibaki. Huwaida alikua, akaolewa na Ridhwani, mfanyabiashara wa boriti, akazaa binti mmoja, Ruba, kisha akafiwa na mume angali na nywele nyeusi. Aliendelea kuishi katika nyumba ile ile ya mumewe pale Siyu, karibu na kisima, akioka mikate ya mofa, ya unga wa mtama, na kuiuza mlangoni. Wateja walibisha, wakapokea mkate wa moto ndani ya karatasi, wakauliza hali, wakaenda zao. Ruba aliolewa Amu mjini kwa watu wakubwa wakubwa, akawa anakuja mara moja kwa mwaka. Siku nyingi Bi Huwaida alikula chakula cha mchana peke yake, mgongo ameuelekeza mlangoni ili asione kama kuna mtu anapita bila kuingia.

Siku zake zilikuwa zile za harusi. Wanawake wanapokuwa peke yao, wanaume wametolewa na milango imefungwa, kuna saa ambayo ngoma hupumzika na mtu husema, "Yuko wapi Huwaida?" Hapo huletewa kikoi, koti na kofia. Akisha kuvaa, huwa ni kadhi anayesahau jina la bwana harusi, au mwenye duka anayepima sukari huku kidole kiko kwenye mizani, au baba mkwe bahili anayehesabu nyama kwenye sinia. Waliwahi kumwita hadi kijiji cha Chundwa kwa ajili hiyo. Wanawake walilia kwa kucheka, wakamkumbatia, wakamrushia maua ya asumini. Kesho yake walibisha mlangoni kununua mkate, wakauliza hali, wakaenda zao.

Mwaka mmoja, mwakilishi wa wadi yao, Mheshimiwa Husni, alileta boti. Ilikuwa nyeupe, ina mstari mwekundu ubavuni na maandishi makubwa: BOTI YA WAGONJWA. Watu wote walishuka bandarini kuitazama, wanaume mbele, wanawake kando kwenye kivuli cha ukuta. Mheshimiwa alikuwa mtu mnene kidogo, mwenye sauti nzuri ya kuvutia, na alikuwa na tabia ya kukohoa taratibu kabla ya kila ahadi, kama mtu anayebisha hodi.

"Ndugu zangu wa Siyu," alisema, akakohoa. "Mimi ni mtoto wenu. Boti hii ni yenu. Itazameni vizuri."

Wakaitazama. Ikasomwa fatiha, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Kesho yake boti haikuwapo. Ilisemekana imepelekwa kutiwa mashine yenye nguvu zaidi. Juma lililofuata habari zikaja kwamba Chundwa nao wamezinduliwa boti ya wagonjwa, nyeupe, ina mstari mwekundu. Watu wa Siyu walisema basi Mheshimiwa amenunua mbili, Mungu ambariki.

Bi Huwaida aliiona kwa mato yake. Alikuwa amekwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, kupokea magunia ya mtama yaliyokuja na basi, na pale gatini palikuwa na boti nyeupe inapakia kreti za soda. Mtu alikuwa amejaribu kuyakwangua maandishi ubavuni akachoka njiani. Palibaki BOTI YA WAGO.

Alimuuliza nahodha, "Kwani hii si ile ya wagonjwa?"

"Wagonjwa gani, mama?" nahodha alijibu bila kumtazama. "Hii ni ya bwana mmoja hapa. Hukodisha. Harusi, mizigo, siasa, yeyote."

Alirudi Siyu na magunia yake, na habari ile hakumpa mtu isipokuwa Quinter. Quinter alikuwa muuguzi wa zahanati, msichana kutoka bara upande wa ziwa, aliyepanga chumba cha jirani na ambaye jioni hupita kununua mkate na wakati mwingine, akiwa hana kazi, huingia na kukaa. Alikuwa mtu pekee aliyekaa.

"Nilijua tu," Quinter alisema. "Kila siku naandika kwa ofisi, naambiwa boti iko. Mimi nauliza iko wapi, wanasema iko kwa ripoti."

Kisha ikaja zamu ya Nana. Nana alikuwa binti wa nyumba ya pili, mke wa Mahdi mvuvi, na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika alfajiri, ukaenda vibaya. Quinter alimpima mara moja tu, akasema apelekwe haraka hospitali kubwa, upande wa pili wa kisiwa. Maji yalikuwa yamekupwa, mkondo umebaki matope, hakuna chombo kinachoweza kutoka. Ikaitwa pikipiki. Nana aliwekwa katikati, dereva mbele, na Bi Huwaida nyuma amemkumbatia asianguke, maana mama yake Nana alikuwa amezimia na hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa amevaa tayari kutoka. Ndia ilikuwa mashimo na mchanga. Kila pikipiki iliporuka Nana alimuuma Bi Huwaida kwenye mkono, na Bi Huwaida akamwambia niume, mwanangu, niume tu. Karibu na mashamba ya Chundwa Nana aliacha kuuma. Alikuwa hai. Mtoto, alipotolewa hospitalini, hakulia.

Alikuwa wa kiume. Walimzika siku ile ile.

Bi Huwaida hakumwambia Nana habari ya boti. Alifikiri, nimwambie ili iweje? Akawa anampelekea mkate kila asubuhi na kurudi. Jino la Nana liliacha alama mkononi mwake, na alipokuwa akikanda unga aliitazama mpaka ikafifia.

Miezi ilipita. Bi Thuwaiba, mwanamke mwenye nyumba kubwa karibu na msikiti, akaozesha binti yake, na wanawake wa Siyu yote wakaitwa. Simu zilikusanywa mlangoni kwenye pakacha, kama desturi, ili mambo ya ndani yasitoke. Ngoma ilipopumzika, mtu akasema, "Yuko wapi Huwaida?"

Alikuwa amekusudia kufanya kadhi. Alivaa koti, akatia kofia, akasimama katikati ya ukumbi, na kilichotoka kilikuwa kikohozi. Kidogo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Wanawake walikijua mara moja. Kicheko kilianza kabla hajasema neno.

"Ndugu zangu wa Siyu," alisema, na sauti ilikuwa ile ile, nzuri, ya kuvutia. "Na dada zangu. Na wale ambao si ndugu wala dada lakini wana kura." Akakohoa. "Boti hii ni yenu. Itazameni vizuri. Itazameni na haraka, maana baada ya adhuhuri inatakiwa Chundwa."

Ukumbi ulipasuka. Bi Thuwaiba alishika nguzo.

"Mgonjwa yeyote wa Siyu anaombwa augue siku ya uzinduzi. Anayeugua siku nyingine, huyo ni mpinzani wa maendeleo. Kesho boti itabeba soda, kwa sababu soda nazo ni watu." Akakohoa tena, akainua kidole. "Na mwenye uchungu wa kuzaa asubiri maji yajae, asubiri na bajeti ijae. Vyote hujaa kwa wakati wake."

Alipolisema hilo la mwisho ndipo alipomwona Nana. Alikuwa ameketi pembeni, leso ameivuta usoni, mabega yanatetemeka. Bi Huwaida hakuweza kujua kama anacheka au analia. Alivua kofia akasema amechoka. Wanawake walimrushia maua, na yeye alitafuta viatu vyake akaondoka kabla ya chakula.

Siku ya pili yake, alipokuwa akipita mbele ya duka kwenda kununua kuni, aliisikia sauti ya Mheshimiwa Husni ikitoka kwenye simu ya mtu. Wanaume walikuwa wameizunguka wakicheka, mmoja anajipiga mapaja. "Soda nazo ni watu," sauti ilisema. Ilimchukua muda kutambua kwamba ile ilikuwa yake yeye. Nyuma yake kulikuwa na vicheko vya wanawake, wake wa watu na binti za watu, vyote vikitoka pale dukani mbele ya wanaume.

Mmoja alimwona akanyamaza. Wengine wakageuka. Walimpisha ndia kwa heshima kubwa, kama anavyopishwa mtu aliyefiwa.

Jioni Ruba alipiga simu.

"Mama, ni wewe yule?"

"Ni mimi."

"Baba mkwe ameisikia. Ilichezwa sebuleni, wageni wamo. Yeye aliinuka akatoka nje." Ruba alikuwa akinong'ona. "Mama, sauti ya kiume. Mbele ya watu wazima. Mimi niuweke wapi uso wangu?"

"Yalikuwa mambo ya ndani, mwanangu. Kuna mtu aliyatoa."

"Sasa iko Malindi. Iko Mombasa. Watu wa Dubai wameirudisha huku."

Sikukuu ilikuwa karibu. Ruba alisema mwaka huu pengine hawatakuja, watoto wana kikohozi. Bi Huwaida alisema wape asali.

Mheshimiwa Husni mwenyewe alifika Siyu juma lile, akaja mpaka nyumbani kwake akiwa na Bwana Abubakr, ndugu mkubwa wa marehemu Ridhwani. Bi Huwaida aliwakaribisha ukumbini, akawaletea kahawa na mkate, akakaa mbali nao kwenye kigoda. Mheshimiwa hakuwa na hasira. Hilo lilimshangaza. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye soksi iliyotoboka kidoleni, na alipouonja mkate alisema wa marehemu mama yake ulikuwa kama huu.

"Bi Huwaida, wewe ni mama yangu," alisema. "Umeniiga vizuri. Mke wangu aliposikia alidhani ni mimi."

"Aliyasadiki yale maneno?"

Mheshimiwa alikunywa kahawa kwanza. "Nimekuja kwa wema. Nataka tu urekodi maneno machache. Useme ule ulikuwa mzaha wa harusi."

"Ulikuwa mzaha wa harusi."

"Basi useme hivyo hivyo."

"Na ile boti, Mheshimiwa? Ile ilikuwa nini?"

Bwana Abubakr aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Shemeji," alisema, "mtu mzima amekuja kwako kwa miguu yake. Usimvunjie heshima ndani ya nyumba ya ndugu yangu."

"Sikumvunjia, shemeji. Nimeuliza."

Mheshimiwa alikohoa. Kilikuwa kikohozi kile kile, na safari hii alijisikia mwenyewe. Alikikatiza kikohozi katikati, akaweka mkono mdomoni, masikio yakamwiva. Hakutoa ahadi. Alisema asante kwa mkate, akatafuta viatu vyake.

Tangu siku ile Bwana Abubakr hakuvuka kizingiti chake tena, wala wake zake, wala watoto wake. Wateja wa mkate hawakupungua, kwa sababu mkate ulikuwa mzuri, ila sasa walikuwa wakiongea kwa uangalifu. Waliomsifu walimsifu kwa sauti ya chini huku wakitazama nyuma. "Umetusemea, Bi Huwaida," walimwambia. Kisha wakapokea mkate, wakaenda zao. Harusi mbili zilifanyika mwezi ule na hakuitwa. Hakuna aliyemchukia. Waliogopa tu kwamba penye Huwaida, ya ndani hutoka nje.

Mkutano wa hadhara uliitishwa uwanja wa shule. Bi Huwaida hakwenda. Alikaa uani karibu na tanuri, na kipaza sauti kilimletea kila kitu juu ya ukuta.

"Ndugu zangu wa Siyu," Mheshimiwa alianza.

Mtu mmoja upande wa nyuma, mwanaume, alimalizia bila kupiga kelele, kama anayeitikia dua: "Na wale ambao si ndugu wala dada lakini wana kura."

Kisha kicheko kikaja, si kikubwa mwanzoni, kikapanda safu kwa safu. Mheshimiwa alingoja kipite. Alianza habari ya mradi wa maji matamu, kwamba mabomba yameshanunuliwa, yako Mokowe, watu wanaweza kwenda kuyatazama.

"Haraka?" mtu aliuliza.

Hapo hata wazee walioletewa viti walicheka. Alijaribu tena. Kila alipofika mahali pa ahadi koo lilimwasha, na kila alipokohoa uwanja mzima ulikohoa naye. Bi Huwaida aliyasikia yote amekaa na mchi mkononi. Alidhani angefurahi. Alichokisikia ni mtu anayetafuta sauti yake mwenyewe haipati, na yeye ndiye aliyeichukua. Alimhurumia kwa kitambo. Kisha aliutazama mkono wake, mahali palipokuwa na alama, akaendelea kutwanga.

Quinter alipita jioni kumsimulia. "Alienda kabla ya dua," alisema. "Na huko Chundwa wamemfanyia vile vile, hata zaidi. Sasa anaogopa maiki."

"Na boti?"

"Boti ndio tutaona."

Boti ilikuja kabla ya mvua za masika. Safari hii hapakuwa na utepe, wala fatiha, wala picha. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, rangi imepakwa vibaya, lakini ilifungwa kwenye mlango wa mkondo, mahali penye kina hata maji yakikupwa, na ikabaki pale. Nahodha alikuwa kijana wa hapo hapo aliyelipwa kwa mwezi. Mzee mmoja aliyebanwa na kifua alipelekwa, akarudi. Mwanamke wa mashambani alipelekwa, akarudi na mapacha. Bi Huwaida aliisikia mashine yake ikinguruma asubuhi anapowasha tanuri, na kila mara aliacha kazi akasikiliza mpaka mlio ukapotea.

Siku moja Nana alikuja kununua mkate, akapokea, hakuondoka. Alisimama mlangoni akizungusha ncha ya leso kidoleni.

"Bi Huwaida, ile simu ilikuwa yangu," alisema. "Sikuitia kwenye pakacha."

Bi Huwaida alijifuta unga mikononi.

"Sikukusudia iende kote. Nilimpelekea Mahdi tu. Nilikuwa nimemwambia nitakwenda nikakae kidogo nirudi, sina hamu. Uliposema lile la maji kujaa, nilitaka asikie kwamba kuna mtu amelisema. Tangu tulipomzika mtoto hakuna aliyelisema. Kila mtu akiniambia ni kadari." Alivuta pumzi. "Naye alimpelekea nduguye."

"Siku ile ulikuwa ukicheka au ukilia?"

"Sijui," Nana alisema. "Hata mimi sijui."

Bi Huwaida alifikiri habari ya Ruba, na sikukuu iliyopita bila wajukuu, na sinia kubwa aliloliosha akalirudisha juu ya kabati bila kutumiwa. Maneno yalimjaa kinywani, mengine makali. Alimtazama Nana, akaona amekonda sana shingoni.

"Ingia ukae," alisema. "Mkate utapoa."

Nana aliingia, akakaa kitambo kidogo, akaondoka kwa sababu Mahdi alikuwa anarudi kutoka baharini. Aliahidi kuja tena, na alikuja, mara moja moja. Quinter alihamishwa baada ya masika, akapelekwa zahanati nyingine bara. Aliacha ndoo nzuri na pazia. Chumba chake kilikodishwa na mwalimu asiyekula mtama.

Ruba alianza tena kupiga simu siku za Ijumaa. Alizungumza habari za watoto na bei ya samaki. Jambo lile hakuligusa, na mama yake pia hakuligusa. Mara moja tu, alipokuwa akiaga, Ruba alisema, "Mama, wanasema boti kweli ipo."

"Ipo."

"Haya," Ruba alisema, na simu ikakatika, au aliikata.

Kabla ya mwezi wa mfungo, Esha, mdogo wake Nana, aliolewa. Bwana harusi alitoka kwenye ukoo wa Mheshimiwa Husni. Mama yake Nana alikuja mwenyewe mchana, akakaa kwenye kigoda, akazunguka sana kabla ya kufika. "Utatuwia radhi, Bi Huwaida. Si sisi. Ni wale wa upande wa pili."

"Mimi naelewa," Bi Huwaida alisema. "Mungu awape kheri."

Alasiri Nana alimletea sinia la pilau lililofunikwa kawa, akambusu mkono, akarudi mbio kwenye shughuli. Nyumba zile mbili zilikuwa karibu, na ngoma ilipitia ukutani kama iko chumba cha pili. Bi Huwaida alikula kidogo, akafunika kilichobaki. Ngoma ikapumzika. Alijikuta anangojea mtu aulize yuko wapi nani. Badala yake alisikia kikohozi.

Aliitambua sauti; alikuwa Bi Thuwaiba. Alikuwa anamfanya Mheshimiwa, mbele ya jamaa za Mheshimiwa wenyewe, na kikohozi hakikuwa chenyewe. Alikitoa kooni, cha mtu mwenye mafua. Sauti aliipandisha mno, na maneno aliyachanganya, ya Chundwa yakaja kabla ya boti, na soda akazisahau kabisa. Wanawake walicheka vile vile. Walicheka kwa muda mrefu, wageni kwa wenyeji.

Bi Huwaida aliukaribia ukuta, akauegemeza bega. Alikohoa taratibu, kifuani, namna kinavyotakiwa. "Ndugu zangu," alisema kwa ile sauti nzuri, chini kabisa, ukumbi wake ukiwa mtupu, akasema yote kwa mpangilio wake hadi mwisho. Kisha akaenda kuteka maji ya udhu, maana sala ya alasiri ilikuwa inampita.